Noti Bandia Mfukoni, Nia Moyoni

Katika stendi za matatu za katikati ya Nairobi watu husema kwa uhakika kabisa: ukipatikana na noti bandia, umekwisha. Kwa hofu hiyo, mama mboga wa Kangemi akigundua usiku kwamba elfu moja aliyolipwa ni feki, huitupa jikoni iungue, au asubuhi humpa makanga. Akiipeleka benki au kituo cha polisi hafidiwi, na hasara ya elfu moja inauma. Lakini anapompa makanga ndipo anapotenda kosa, kwa sababu sasa anajua.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, humwadhibu aliye na noti ghushi huku akijua ni ghushi, kwa kifungo cha hadi miaka 7. Aliyeighushi anaweza kufungwa maisha. Kuthibitisha kwamba noti ni feki si kazi: mkaguzi wa hati huipima na kutoa ripoti. Kilichokuwa kichwani mwa mshtakiwa hakina mkaguzi.

Basi wengine huangukia upande wa pili: wanadhani "sikujua" inatosha. Haitoshi. Hakimu wa Mahakama ya Milimani hutazama mazingira. Noti zilikuwa ngapi? Nambari zake zinafanana? Zilifichwa mbali na pesa halali? Mtu alizunguka duka hadi duka akinunua peremende kwa elfu ili akusanye chenji? Sheria ya Ushahidi ya Kenya imechota mengi kutoka ile ya India ya 1872, iliyotumika hapa hadi 1963, na inaruhusu noti nyingine bandia alizokuwa nazo mtu zitumiwe kuonyesha alichojua.

Hata hivyo, kipimo ni kikali. Katika kesi ya Kipkering arap Koske ya 1949, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema ushahidi wa mazingira usiache maelezo mengine ya busara isipokuwa hatia. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India ilimwachilia mwanafunzi wa miaka 18 aliyempa muuza duka noti feki ya rupia 100, kwa sababu haikuthibitishwa kwamba alijua.

Machi 2019, makachero wa idara ya upelelezi, DCI, walitoa noti bandia za kigeni, zilizotajwa kuwa za takribani shilingi bilioni 2, kwenye kisanduku cha mteja katika tawi la Queensway la benki ya Barclays. Wengi waliuliza mbona benki yenyewe haikamatwi. Kisheria, kumiliki kitu ni pamoja na kukiweka kwa mwingine huku ukijua kiko huko. Aliyekodi kisanduku anaweza kumiliki kilicho ndani ya benki. Anayekodisha bila kuchungulia hana ujuzi huo.

Kuna pia wash wash, ulaghai wa kudai kuosha karatasi ziwe pesa, unaofanyika Kilimani na Kileleshwa. Katika nyumba za kupanga za ghorofa, mteja huonyeshwa sanduku la karatasi nyeusi na chupa ya "kemikali", kisha karatasi moja huoshwa mbele yake na dola hujitokeza. Noti hiyo ni halali: ilipakwa gundi, ikachovywa kwenye ayodini, na "kemikali" ni maji yenye vitamini C. Zilizobaki ni karatasi tupu. Hakuna dawa duniani inayozaa dola, na inaudhi kuona wasomi na wafanyabiashara wakiuza mashamba kwa ajili ya ushirikina uliovalishwa koti la maabara.

Karatasi nyeusi haifanani na noti yoyote, kwa hiyo ni vigumu kuiita noti ghushi. Shtaka linalofaa mara nyingi ni kujipatia pesa kwa udanganyifu, lenye kifungo cha hadi miaka 3, au kula njama. Nia ya aliyechovya noti kwenye ayodini haina utata: mwenye kuandaa mazingaombwe hawezi kudai yalimdanganya.

Utata uko kwa dereva, mfanyakazi wa nyumbani na mlinzi wa lango, wanaokamatwa pamoja na wenye sanduku. Kuwamo chumbani si kujua. Mpelelezi anatakiwa kuonyesha alama za vidole zilizo kwenye chupa ni za nani, ufunguo ulikuwa kwa nani, na ujumbe uliomwita mteja ulitoka kwenye simu ipi, mshtakiwa mmoja baada ya mwingine.