Nuru Inapopotea Kwenye Dhahabu: Jinsi ya Kupima Utando Usioonekana

Baada ya mvua, tazama dimbwi lililo jirani na gereji yoyote ya Temeke au Kinondoni. Mafuta yaliyomwagika juu ya maji huonyesha rangi kama za upinde wa mvua. Rangi hizo hutokana na unene wa utando wenyewe: nuru iliyoakisiwa juu yake hukutana na ile iliyoakisiwa chini yake, rangi nyingine zikakolea na nyingine zikafutika. Mafuta yakizidi kutandaa, rangi hutoweka. Utando bado upo, ila ni mwembamba mno. Tabaka la molekuli moja tu ya mafuta huwa na unene wa nanomita 2 hivi. Unywele mmoja una takriban 80,000. Je, kitu hicho hupimwaje?

Mwaka 1968, Wajerumani Andreas Otto, Erich Kretschmann na Heinz Raether walionyesha njia. Katika mtindo unaotumika zaidi, prizma ya kioo hupakwa dhahabu yenye unene wa nanomita 50 hivi. Nuru hupitishwa ndani ya kioo, ikaakisiwa na dhahabu. Lakini katika pembe moja maalumu, karibu yote hairudi: nguvu yake imechukuliwa na elektroni za dhahabu, zinazotikisika pamoja kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Utando ukishika upande wa pili wa dhahabu, pembe hiyo husogea. Kiasi cha kusogea ndicho kinachotueleza unene.

Watafiti wengine hutumia nuru ya infraredi iliyo jirani na nyekundu, kama ile ya rimoti ya televisheni. Dhahabu huinyonya kwa kiasi kidogo kuliko nuru inayoonekana, hivyo pembe inayotafutwa hujitokeza kwa ukali, na hata badiliko dogo huonekana.

Njia hii ina mpaka wake. Pembe husogezwa na unene, lakini pia na jinsi utando unavyopinda nuru. Ndiyo maana kipimo hurudiwa kwa nuru za aina tofauti.

Kwetu, faida kubwa iko kwenye malaria. Protini ya kimelea hubandikwa juu ya dhahabu, kisha kingamwili hupitishwa juu yake. Zikishika, utando hunenepa na pembe husogea papo hapo, zikiachia, hurudi. Hivyo mtafiti wa chanjo hajui tu kwamba kingamwili zimeshika, bali pia zimeshika upesi kiasi gani na zitang'ang'ania kwa muda gani.