PAKA ASIYEPENDA KUNYWA MAJI: TUMSAIDIE VIPI?

 

Mwaka huu tulipokuwa tukisomesha mlango wa twahara tulifika kwenye hukumu ya maji yaliyobakishwa na paka. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Ustadhi, paka wetu maji hayagusi kabisa. Bakuli linajaa asubuhi, jioni liko vile vile. Sasa hukumu ya masazo yake tuisome ya nini?" Darasa likacheka. Lakini mara wengine watatu wakasema na wao paka wao ni hivyo hivyo, na mmoja akauliza kama huo ni ugonjwa. Tuliahidi kuwajibu kwa urefu katika gazeti, na ahadi ni deni.

Tuanze na hukumu yenyewe, maana ndani yake mna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah, na kabla yao Imam Malik katika Muwatta, wamepokea kisa cha Kabsha binti Kaab bin Malik, mke wa mtoto wa Sahaba Abu Qatada (R.A.). Siku moja alimtilia mkwewe maji ya kutawadhia. Akaja paka akitaka kunywa. Abu Qatada hakumfukuza, bali alikiinamisha chombo mpaka yule paka akanywa haja yake. Alipomuona Kabsha anashangaa, akamueleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, na kwamba ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani mwetu. Kwa hadithi hii wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wamesema masazo ya paka ni twahara. (Kuhusu paka aliyeonekana kwa macho ana damu ya panya mdomoni, kisha papo hapo akatia ulimi katika maji machache, hilo lina maelezo yake, nasi tutalimaliza darasani, Inshaallah.)

Hayo ndiyo tunayoyahifadhi kwa ajili ya mtihani. Sasa tazameni mkono wa Abu Qatada. Maji yalikuwapo na paka alikuwapo, naye angeweza kusema atajua mwenyewe. Lakini aliona kuwa chombo kwa jinsi kilivyo hakimfai paka, akakiinamisha. Paka wetu wengi majumbani wana maji, ila hakuna aliyewainamishia chombo.

Kwa nini paka ni mvivu wa kunywa? Jibu liko katika asili yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu. Amekaa na binadamu muda mrefu mno. Mwaka 2004 wataalamu walitoa habari za kaburi lililochimbuliwa katika kisiwa cha Cyprus, lenye umri wa miaka kama 9,500, ambamo mtu alizikwa na pembeni yake paka. Lakini miaka yote hiyo haikumbadilisha tumbo wala figo. Babu yake alikula panya na ndege, na mwili wa panya zaidi ya nusu yake ni maji, unakaribia robo tatu. Kwa hiyo alikuwa anakula na kunywa kwa mkupuo mmoja. Figo zake Mwenyezi Mungu amezijaalia uwezo mkubwa wa kubana maji na kutoa mkojo mzito. Na kiu yake huchelewa. Mbwa akipungukiwa na maji kidogo tu huyatafuta, ama paka huweza kupungukiwa na asiende bakulini.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na tunawaomba wanafunzi wa madarasa ya juu waifuatilie. Paka mzima wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, ukijumlisha ya chakula na ya kunywa. Hiyo ni kama bilauri moja. Akila samaki wa kuchemsha au nyama, robo tatu hivi ya chakula hicho ni maji, na akishiba anakuwa amepata sehemu kubwa ya haja yake bila kugusa bakuli. Huyu ndiye paka anayeonekana hanywi, naye yu mzima. Lakini siku hizi wengi wetu tunanunua chakula kikavu cha pakiti. Gramu 60 za chakula hicho zina maji ya kijiko kidogo cha chai kimoja tu, na kidogo zaidi. Bilauri karibu yote iliyobaki sharti ainywe kwa ulimi wake, na yeye si mnywaji. Dagaa wakavu ni hivyo hivyo. Basi kabla hujauliza kwa nini paka hanywi, uliza kwanza anakula nini.

Hatari yake si ya mzaha. Mkojo ukizidi kuwa mzito kwa muda mrefu, chembechembe kama mchanga huweza kujikusanya kwenye kibofu. Jike huumia, lakini dume huumia zaidi kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mwembamba, na huweza kuziba kabisa. Maradhi haya yana sababu nyingi, na uchache wa maji ni mojawapo. Dalili zake zijulikane na kila mtoto mwenye paka: anachuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, au anatoa matone, pengine yana damu, analia, anajilamba sana sehemu za siri, kisha anaacha kula na kuanza kutapika. Dume akifikia hapo msisubiri kesho. Aliyeziba huweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na wa kumsaidia ni daktari wa mifugo. Msimpe Panadol kwa huruma, maana dawa hiyo ni sumu kali kwa paka hata ikiwa kipande.

Tunaijua sote hadithi ya Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini. Paka wa mitaani anajiwinda mjusi na panya, anapita sokoni, anakunywa kwenye birika la msikiti. Ama huyu tuliyemfungia ndani ya nyumba ya ghorofa yenye madirisha ya chuma na nyavu, chaguo lake lote liko mikononi mwetu.

Sasa tuingie kwenye namna ya kumsaidia. Njia yenye nguvu kuliko zote ni kumtilia maji ndani ya chakula. Kama anakula cha pakiti, kiloweke kwa maji ya uvuguvugu. Anza na kijiko kimoja tu, kwani paka ni mwenye kushuku na akiona sahani imegeuka ghafla ataiacha. Baada ya siku chache ongeza kijiko kingine. Mama anapopika samaki, achemshe kichwa na mapezi kwa maji matupu kabla ya kutia viungo, atoe kikombe kimoja cha supu hiyo, aipoze, iwe ndiyo ya kumwagia chakula cha paka. Tunasisitiza maji matupu. Mchuzi wetu wa kila siku haumfai, kwa sababu una chumvi na vitunguu, na kitunguu maji na kitunguu saumu vyote huharibu damu ya paka. Dagaa wakavu walowekwe na waoshwe mpaka chumvi itoke. Wapo wanaosema mpe ng'onda ale chumvi, kiu itamshika na maji atayanywa. Hiyo si tiba, ni kumtwisha mzigo mwenye figo zilizokwisha choka.

Na maziwa? Wazee wengi humwekea paka maziwa wakaona wamemaliza. Kitoto cha paka hunyonya maziwa ya mama yake na kuyamudu, lakini paka wengi wakikua huishiwa na uwezo wa kusaga sukari iliyomo katika maziwa. Akinywa ya ng'ombe huharisha, na akiharisha anapoteza maji ambayo ndiyo tuliyotaka ayapate.

Chombo nacho kina maneno. Paka wengi hupendelea bakuli pana lililojazwa karibu na ukingo, wanywe bila kuzamisha uso. La udongo, la kigae au la bati ni bora kuliko la plastiki, ambalo hukwaruzika na kushika harufu. Lioshwe kila siku, si kuongezewa maji juu ya ya jana. Kwa joto letu la pwani, bakuli lililokaa siku mbili hufanya utelezi, na likisahaulika wiki nzima linaanza kutulelea mbu. Maji ya bomba yakiwa na harufu kali ya dawa, yaacheni kwenye ndoo usiku kucha kwanza. Yakiwa ya mtungi, ya baridi na safi, hayo paka naye anayajua thamani yake.

Wengi hawaangalii mahali pa kuweka maji. Msiyaweke ubavuni mwa sahani ya chakula, wala karibu na anapojisaidia. Nani kati yetu angependa kunywea mlangoni mwa choo? Wekeni mabakuli mawili au matatu mahali mbalimbali penye kivuli na utulivu, ambapo paka anaweza kunywa huku akiona anayekuja. Kama nyumba ina paka zaidi ya mmoja ni lazima zaidi, kwani yule mkubwa hukaa karibu na bakuli pekee na mdogo akakaa na kiu yake kimya kimya.

Wengine hupenda maji yanayotembea. Mmewaona wakilamba bomba linalodondoka au wakikufuata unapotawadha. Si wote, kila paka na tabia yake. Lakini tusifungulie bomba ovyo kwa ajili hiyo, kwani israfu ya maji imekatazwa hata katika udhu. Chukueni birika, mimineni maji bakulini taratibu mbele ya macho yake. Mara nyingi ile sauti tu inatosha kumleta. Jambo moja tunalikataza kabisa: kumshika paka na kummiminia maji kooni. Maji huweza kuingia mapafuni, na hata akisalimika ataanza kukimbia kila akiona bakuli.

Katika mwezi wa Ramadhani tunahitaji kukumbushana zaidi. Jiko limepoa mchana kutwa, hakuna anayekunywa, na bakuli la paka linasahaulika mpaka magharibi. Paka hafungi. Tunapendekeza kazi hii apewe mtoto mdogo ambaye bado hajaanza kufunga: abadilishe maji asubuhi na tena baada ya swala ya Adhuhuri.

Kwa wanaotaka kujua hasa paka wao anakunywa kiasi gani, chukueni vikombe vile vyenye alama vinavyokuja na dawa ya kikohozi. Pimeni maji ya kutia bakulini, na baada ya saa 24 pimeni yaliyobaki. Lakini jua nalo linakunywa! Kwa hiyo wekeni bakuli la pili la namna ile ile, lenye maji kiasi kile kile, mahali ambapo paka hafiki, muone limepungua kiasi gani, kisha mtoe tofauti hiyo. Fanyeni hivyo siku tano mfululizo na muandike daftarini. Siku moja haisemi kitu.

Daftari hilo lina faida nyingine. Paka mzee ambaye miaka yote hakuwa mnywaji, kisha ghafla akawa anamaliza bakuli na kurudi kudai jingine, msifurahi mkadhani mawaidha yetu yamemwingia. Hiyo mara nyingi ni dalili ya figo kushindwa au ugonjwa wa kisukari. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo na daftari lenu mkononi, na maji msimnyime.

Wabillaahi tawfiiq.