Upasuaji wa Saratani ya Ngozi kwa Watu Wenye Ualbino

Miongoni mwa watu wenye ualbino nchini Tanzania, saratani ya ngozi inayoonekana zaidi ni ile inayoanzia katika seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Ngozi yenye upungufu wa melanini haina kinga ya kutosha dhidi ya miale ya jua, hivyo ugonjwa hujitokeza hasa usoni, masikioni, shingoni na mikononi, tena mara nyingi kwa watu wenye umri mdogo. Huanza kama gamba gumu au kidonda kidogo kisichopona. Kwa kuwa mwanzoni hakiumi sana, wengi hukipaka dawa na kusubiri.

Tiba kuu ni upasuaji. Kidonda kikiwa kidogo, mgonjwa kwa kawaida halazwi wala hapewi nusu kaputi. Huchomwa sindano ya ganzi, kidonda huondolewa, ngozi hushonwa, naye hurejea nyumbani siku hiyohiyo.

Daktari haondoi uvimbe peke yake, kwa sababu saratani huweza kutambaa chini ya ngozi isiyoonyesha dalili. Hukata pia ukingo wa ngozi inayoonekana nzima: kwa kawaida milimita 4 kuzunguka uvimbe mdogo, na milimita 6 au zaidi penye hatari kubwa. Nyama hiyo hupelekwa maabara ya patholojia. Ukingo ukikutwa na saratani, mara nyingi upasuaji hurudiwa. Kwa hiyo mgonjwa asiyefuata majibu hajamaliza matibabu, hata kama mshono umepona vizuri.

Uvimbe uliochelewa huweza kufika mfupani au kwenye tezi za shingo. Hapo huhitajika upasuaji mkubwa, kupandikiza ngozi na tiba ya mionzi, na pengine uponyaji haupatikani tena.

Mhudumu wa zahanati akiona kwa mtu mwenye ualbino kidonda kilichodumu zaidi ya mwezi mmoja, apapase tezi za shingo, kisha ampe rufaa bila kusubiri. Baada ya upasuaji, mgonjwa aendelee kukaguliwa ngozi nzima kila baada ya miezi michache, kwani uvimbe mwingine huweza kuota. Avae kofia pana na mikono mirefu, na apake mafuta ya kukinga jua, kama vile Kilisun yanayotengenezwa Moshi.