Mbele ya kumupa mutu mugongo wako, muulize alijifunza wapi

Saa kumi na mbili ya mangaribi, katika kambi nyingi za Kolwezi na Likasi, sauti ni moja: "Toto, kuya unikanyange mugongo." Baba amerudi toka mugodini, amevua buti, amelala kifudifudi juu ya mukeka. Mutoto wa miaka sita anatembea polepole juu ya kiuno chake, mukono mumoja kwenye ukuta asianguke. Mama yuko kando anachemsha maji, anaweka chumvi, anakamua kitambaa. Hiyo njo masaji ya kwanza tuliyoijua sisi wote, na hakuna aliyetulipisha hata franka.

Leo kuna ingine. Kwenye ukuta karibu na soko nilisoma tangazo: masomo ya masaji, aina saba kwa siku 15, na brevet mwishoni. Ya Kiswidi, ya Kithai, ya Kichina, ya mawe ya moto, ya miguu, ya vikombe, ya mafuta ya kunukia. Wasichana wawili walikuwa wanaandika namba ya simu. Mumoja akaniambia: "Papa, kazi iko. Banaume bote ya mu mugodi, mugongo inabauma."

Alisema kweli. Mutu anayebeba mifuko ya mawe toka shimoni mpaka kwa munuzi anajua. Anayeendesha gari kubwa linalomutetemesha kutwa nzima, naye anajua. Na tusisahau wamama wanaoinama ndani ya maji kuosha mawe, wao hakuna anayewauliza habari za kiuno. OMS, shirika la afya la dunia nzima, inahesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020.

Basi, siku 15 zinaweza kufundisha nini? Mikono. Masaji inayoitwa ya Kiswidi iko na mwendo tano: kupangusa kwa kiganja, kukanda nyama kama unga wa mikate, kusugua kwa vidole palipokaza, kupigapiga, na kutetemesha. Majina yake ni ya Kifaransa mpaka leo, hata kule Marekani, na wengi wanasema aliyeyaweka ni munganga wa Uholanzi, Johann Georg Mezger, katika karne ya 19. Musweda hakuwa pale! Musichana mwenye akili atashika mwendo hizo tano kwa wiki moja.

Ya Kithai ni ingine kabisa. Mugonjwa analala chini na nguo zake, hakuna mafuta, na mwenye kufanya anatumia mikono, viwiko, magoti, hata miguu, akivuta na kunyoosha viungo. Mwaka 2019 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa utamaduni wa wanadamu usioshikika. Mutoto wetu wa juu ya mukeka hajui kwamba yuko na ndugu Bangkok. Ya Kichina, tuina, ni sehemu ya uganga wao wa zamani. Vikombe hatuna haja ya kuvieleza, wakubwa wetu walikuwa wanavuta kwa pembe. Kuhusu masaji ya miguu, wanaosema kila kipande cha wayo kinatibu ini ao figo, mimi siwafuati, hakuna aliyeonyesha hivyo. Lakini miguu iliyoshinda ndani ya buti, ukiikanda, inapumzika. Hiyo inatosha, si lazima kuiongezea uongo.

Je, masaji inasaidia kweli? Mwezi wa kumi na mbili 2023 OMS ilitoa mashauri yake juu ya maumivu ya kiuno yasiyokwisha, yale yasiyotoka kwa ugonjwa mwingine. Masaji iko ndani, pamoja na mazoezi ya mwili na kumufundisha mugonjwa namna ya kuishi na mugongo wake. Hata pilipili imo, ile ya kupakaa iliyotengenezwa kuwa dawa ya ngozi (musiende kujisugua pilipili ya sokoni, mutalia). Lakini mukaba wa kufunga kiuno, ule tunaonunua bei kali, OMS haiushauri. Wala vidonge vya nguvu vya jamii ya tramadol, visiwe dawa ya kila siku. Vijana wanaomeza hivyo ili washuke shimoni bila kusikia mwili, wanajua ninasema na nani.

Sasa nitasema jambo la jamaa yetu. Mujomba wangu alitoboa mwamba miaka mingi, vumbi mpaka ndani ya kope. Mugongo ukaanza kumuuma. Tulisema ni kazi. Tulimupata bwana mumoja, fundi wa mikono kweli, akamukanda kila siku ya posho, miezi tano. Nyuma ya masaji mujomba alilala vizuri usiku mumoja, ya pili anaamka tena. Alikonda. Alitoka jasho usiku. Tukasema ni juu ya mawazo. Siku moja shangazi akaona kinundu katikati ya uti wa mugongo, na miguu ilikuwa imeanza kulegea.

Kwa lopitalo walipiga picha. Ilikuwa kifua kikuu, kile ambacho kwake kilienda kukaa ndani ya mifupa. Vumbi la mawe linaharibu mapafu na linafungulia ugonjwa huo mulango. Wachimbaji wanaupata kuliko watu wengine. Dawa zake kwetu ni za bure. Mujomba alizimeza miezi mingi, akapona ugonjwa, lakini leo anatembea na fimbo. Yule bwana hakuwa muongo wala mulozi. Mikono yake ilikuwa mizuri. Hakuna tu aliyemufundisha kuuliza: maumivu yanakuamusha usiku? Unakonda? Uko na homa?

Hapo njo masomo yanapaswa kuanza. Mwenye kujua masaji kweli anajua siku ya kukataa. Muguu mumoja umevimba, una moto, unauma nyuma ya goti: usiukande, kunaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mushipa, na ikisukumwa mpaka kwenye mapafu inaua. Mutu ameangukiwa na udongo, ao ameanguka shimoni: usimunyooshe. Mutu mugongo unamuuma na sasa hasikii katikati ya mapaja, ao mukojo unatoka bila yeye kujua: lopitalo, siku ile ile.

Kwetu kuna watu waliosomea mambo hayo kwa muda murefu, ndio wakinezi. Kinshasa, kwenye ISTM na kwenye chuo kikuu, wanasoma miaka mitatu ao zaidi nyuma ya Diplôme d'État. Si kila mutoto wa Kolwezi anaweza kwenda Kinshasa, ninajua. Masomo mafupi si zambi, kama muwalimu mwenyewe alisoma, kama mwanafunzi anakanda miili ya kweli mbele ya macho yake, na kama anafundishwa mifupa na mishipa mbele ya mafuta ya kunukia.

Baba wa yule musichana wa sokoni hataki hata kusikia. "Mutoto yangu hawezi kuenda kushikashika mwili ya banaume. Batasema nini mu kambi?" Ninamuelewa. Kuna nyumba zinazoandika "masaji" kwenye mulango, na kila mutu anajua kinachouzwa ndani. Lakini baba huyu mwenyewe analala juu ya mukeka kila mangaribi anakanyangwa na mujukuu. Na wale wamama wa kuosha mawe, nani atawakanda kama si musichana?

Nilimupa musichana swali moja la kupeleka kule kwenye tangazo: muko munafundisha siku gani mambo ya kukataa mugonjwa? Alipiga simu mbele yangu. Walimujibu: "Siku ya 15, kama wakati unabaki." Alirudisha franka zake ndani ya kitambaa, akafunga fundo. Siku ya kwanza ya wiki atapita kwa lopitalo kumuuliza mukinezi kama anaweza kukaa pembeni yake, aangalie.