Santuri na Sindano Yake: Istilahi za Kutegesha Kinanda cha Santuri

Nomino santuri (ngeli ya I-/ZI-) hutumika kwa maana mbili. Kwanza, ni sahani yenye mifuo iliyohifadhi sauti. Pili, ni mashine inayoipiga sahani hiyo. Jina hili lina nasaba na santuri ya Uajemi, ala ya nyuzi inayopigwa kwa vijiti viwili. Katika mazungumzo utata huo hauleti shida: anayesema "nimenunua santuri mbili za taarabu" anataja sahani, na anayesema "santuri imeungua mota" anataja mashine. Katika mwongozo wa matumizi hali ni tofauti. Sentensi "safisha santuri kwa brashi kavu" humwacha msomaji hajui asafishe kipi. Kwa hiyo, katika makala haya, santuri ni sahani tu. Mashine tunaiita kinanda cha santuri.

Umuhimu wa kutofautisha maneno hapa si wa kinadharia. Nyimbo za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, pamoja na nyingi zilizofuata, zilitufikia kwa njia ya santuri. Sindano iliyotegeshwa vibaya hukwangua kuta za mfuo, na kilichokwanguliwa hakirudi. Mfasiri akikosea kitenzi kimoja, anayefuata maelekezo yake anaweza kuharibu nakala asiyoweza kuipata tena.

Vitenzi vinne visivyochanganywa

Tafsiri nyingi hutumia kitenzi rekebisha kwa kila tendo. Kitenzi hicho kina maana ya kuondoa kasoro, hivyo hakimwambii mtumiaji afanye nini hasa. Ni bora kutenganisha matendo manne:

Kupima mlalo ni kuhakikisha kwamba mashine haikuinamia upande wowote.
Kusawazisha ni kuzifanya pande mbili za mkono zilingane kwa uzito, kama mizani isiyobeba kitu.
Kunyoosha ni kuiweka katriji iwe sambamba na mistari ya kipimo.
Kutegesha ni jina la kazi nzima, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Hatua kwa mpangilio

Mlalo hupimwa kwanza. Weka pima maji juu ya sahani ya kinanda, kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka mbele kwenda nyuma. Mashine ikiinama, mkono nao huelemea upande mmoja, na vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa na kasoro.

Pili, funga katriji, yaani kijisanduku kinachobeba sindano, kwenye ncha ya mkono. Nyaya zake ni nne: nyeupe na bluu ni za upande wa kushoto, nyekundu na kijani ni za upande wa kulia. Usikaze skrubu kabisa, kwa kuwa katriji itasogezwa baadaye.

Tatu, sawazisha mkono. Weka kani pinzani (tazama hatua ya sita) kwenye sifuri. Ondoa kifuniko cha sindano kwa uangalifu, kisha zungusha jiwe la mizani lililo nyuma ya mkono mpaka mkono uelee mlalo bila kupanda wala kushuka. Hapo ndipo penye mtego wa kifasiri. Jiwe hilo huwa na pete yenye tarakimu. Katika hatua hii zungusha pete peke yake hadi isome sifuri, bila kuligusa jiwe. Baada ya hapo zungusha jiwe pamoja na pete hadi ifike idadi ya gramu iliyotajwa na mtengenezaji wa katriji. Katriji nyingi za kawaida huhitaji kati ya gramu 1.5 na 2.5. Mwongozo unaosema tu "zungusha jiwe hadi sifuri" huvuruga usawa uliokwisha kupatikana.

Nne, nyoosha katriji. Tumia karatasi ya kipimo yenye nukta mbili na mistari. Sindano ikishuka kwenye kila nukta, pande za katriji ziwe sambamba na mistari. Kama sivyo, isogeze mbele, nyuma au uigeuze kidogo, kisha kaza skrubu.

Tano, rudia hatua ya tatu. Kusogeza katriji hubadilisha uzito wa ncha ya mkono, kwa hiyo usawa wa awali haupo tena.

Sita, weka kani pinzani. Santuri inapozunguka, msuguano huuvuta mkono kuelekea kitovu, na sindano huegemea zaidi ukuta wa ndani wa mfuo. Kani pinzani huuvuta mkono kwa nje. Kwa kuanzia, tarakimu yake iwe sawa na ile ya gramu.

Utata wa "uzito wa sindano"

Kirai hiki kimeenea, lakini kihusishi -a kinaruhusu fasili mbili: uzito ambao sindano yenyewe inao, au uzito unaokandamiza sindano kwenye mfuo. Kinachokusudiwa ni fasili ya pili. Tunapendekeza mgandamizo wa sindano, kwa kuwa nomino hiyo inataja tendo la kusukuma chini na haiwezi kueleweka kama sifa ya kitu.

Istilahi hiyo pia husaidia kuondoa dhana potofu. Msomaji akiona "uzito", hudhani kuwa kupunguza ni kuhifadhi. Mgandamizo ukiwa hafifu kuliko inavyotakiwa, sindano hurukaruka ndani ya mfuo na kugonga kuta zake, na madhara yake huweza kuzidi yale ya mgandamizo uliozidi kidogo. Kipimo sahihi ni kile cha mtengenezaji. Chepesi si kisawe cha salama.

Sindano moja haitoshi

Santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika na mifuo yake ni mipana. Zile za mizunguko 33⅓, zilizoingia sokoni mwaka 1948, na za 45, zilizofuata mwaka 1949, zina mifuo myembamba. Ncha ya sindano ya santuri za 78 ina upana wa takriban mara tatu au zaidi ya ile ya santuri za baadaye. Sindano nyembamba ikiwekwa kwenye mfuo mpana hukwaruza sakafu yake badala ya kushika kuta. Kwa hiyo "badilisha kasi" haitoshi kuwa agizo. Mwongozo kamili husema: "Badilisha sindano, weka mgandamizo unaofaa sindano hiyo, kisha chagua kasi."