Mazembe na meza iliyopanuliwa: kwa nini mwenye nguvu wa jana anashindwa leo



Katika vikundi vya vijana vya makanisa yetu ya Masisi na Walikale, swali moja hurudi kila mara mazungumzo yanapofika kwenye mpira: Mazembe imepatwa na nini? Wazee wanaikumbuka ekipe iliyotikisa Afrika nzima. Kijana wa miaka kumi na tano anaijua kama ekipe inayotolewa mapema. Wengine wanasema ni uchawi, wengine wanasema ni siasa, wengine wanasema waamuzi wananunuliwa. Nimeona vema tulieleze jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu ndani yake kuna somo hata kwa mtu asiyejali mpira.

Kutoka jina la mtakatifu hadi "Tout Puissant"

Ekipe hii ilianzishwa mwaka 1939 huko Lubumbashi, wakati mji huo ukiitwa Élisabethville. Walioianzisha ni watawa Wabenedikto, wakitaka wanafunzi wao wawe na mchezo wa kuwajenga. Iliitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul. Baadaye ilichukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoifadhili. Mwaka 1966 ilipozoa vikombe vyote ilivyoshindania, iliongezewa jina Tout Puissant, yaani Mwenye Uwezo Wote. Ndiyo herufi T na P tunazozitamka hadi leo bila kuzifikiri. Jina Mazembe lilikuja baadaye.

Jina hilo kubwa lilikuwa na sababu. Mwaka 1967 na 1968 ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, jambo ambalo hakuna ekipe iliyokuwa imelifanya. Mwaka 1969 na 1970 ilifika tena fainali, ikashindwa. Mwaka 1980 ilipata Kombe la Washindi. Kisha ikanyamaza. Kati ya kombe la mabingwa la 1968 na lililofuata ilipita miaka 41. Tusisahau hilo: Kunguru wa Lubumbashi walikwisha kuanguka mara moja, wakainuka.

Kuinuka kwao kulianza mwaka 1997, Moïse Katumbi alipochukua uongozi wa klabu. Alileta fedha na utaratibu. Wachezaji walitoka Zambia, Ghana na Tanzania, na wenyeji kama Trésor Mputu na kipa Robert Kidiaba walibaki nyumbani kwa sababu walilipwa vizuri. Matunda yalionekana: mabingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, tena 2015, Kombe la Shirikisho 2016 na 2017. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Ilishindwa 3-0 na Inter ya Milan, lakini Congo yote ilicheza barabarani.

Tangu Novemba 2017, ekipe ya wanaume haijapata kombe lolote la Afrika. Imefika nusu fainali mara kadhaa, ya mwisho mwaka 2024 ilipotolewa na Al Ahly ya Misri. Msimu uliofuata ilikuwa ya mwisho katika kundi lake, nyuma ya Al Hilal ya Sudani, MC Alger ya Aljeria na Young Africans ya Dar es Salaam. Na msimu wa 2025–2026 Congo iliwakilishwa katika Ligi ya Mabingwa na Aigles du Congo pamoja na Saint-Éloi Lupopo, jirani na mshindani wa Mazembe mjini Lubumbashi. Mwenye Uwezo Wote alibaki nyumbani.

Meza ilivyopanuliwa

Mashindano ya mabingwa wa Afrika yalipoanza mwaka 1964, kila nchi ilitoa bingwa wake mmoja, na ekipe zilitoana mbili mbili hadi fainali. Ukishinda mechi chache unakuwa mfalme. Mwaka 1997 utaratibu ulibadilika: ekipe 8 ziliwekwa katika makundi mawili. Mwaka 2017 zikawa 16, katika makundi manne. Nchi 12 zenye pointi nyingi katika miaka mitano sasa zinatuma klabu mbili badala ya moja.

Upanuzi huu una maana gani? Kwanza, mechi ni nyingi zaidi. Wachezaji kumi na mmoja wazuri hawatoshi tena. Unahitaji ishirini na zaidi, pamoja na madaktari, ndege na mishahara ya mwaka mzima. Pili, klabu nyingi zaidi zinapata fedha na uzoefu wa kucheza na wakubwa. Aliyekuwa anatolewa Februari sasa anacheza na Al Ahly mara mbili, anajifunza, na mwaka unaofuata anarudi akiwa amekomaa. Tatu, klabu kubwa ikianguka haianguki peke yake. Pointi zinahesabiwa kwa nchi nzima, na nchi ikishuka inaweza kupoteza nafasi yake ya pili.

Si kila upanuzi ulitimia. Mwaka 2022 ilitangazwa ligi mpya ya Afrika ya klabu 24, yenye zawadi za dola milioni 100. Ilipoanza Oktoba 2023 klabu zilikuwa 8 tu. Mazembe ilikuwa miongoni mwa hizo nane, lakini mechi yake ya nyumbani ilichezewa Dar es Salaam. Ilishinda 1-0 dhidi ya Espérance, kisha ikafungwa 3-0 huko Tunis. Kualikwa kwenye meza ya wakubwa ni jambo moja, kuwa na chakula cha kupeleka mezani ni jambo lingine.

Njia iliyogeuka

Mfano mmoja unaeleza mengi. Mwaka 2011, Mbwana Samatta, kijana wa Tanzania, aliondoka Simba ya Dar es Salaam akaenda Mazembe. Wakati ule njia ya mchezaji mwenye kipaji ilielekea Lubumbashi. Hapo alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2015, kisha akaenda Ulaya. Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, Fiston Mayele, Mcongomani, aliondoka Vita Club ya Kinshasa akaenda Young Africans ya Dar es Salaam. Baada ya hapo alikwenda Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 alifunga bao katika fainali iliyoipa klabu hiyo ubingwa wake wa kwanza wa Afrika.

Mpira wa Congo haukukosa watoto wenye kipaji. Mayele ni wa kwetu. Ila majirani walijenga: ligi inayochezwa kwa ratiba, televisheni inayolipa, viwanja vinavyokubalika. Kwetu ligi ya taifa ilikatika na kuanza tena, na vita vimeongeza mzigo. Ekipe ya Goma inayotakiwa kucheza Lubumbashi au Kinshasa inahitaji ndege. Vita vilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa. Hata hivyo, msimu wa 2025–2026, Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho. Mashariki hakujakauka.

Ng'ambo pia ni vivyo hivyo

Wenye jamaa waliopokelewa Marekani wamesikia kwamba kule mpira wa vyuo vikuu, ule wa kushika kwa mikono, unajaza viwanja kuliko ibada yoyote. Vyuo vimejigawa katika miungano ya mashindano, na miungano hiyo sasa inapanuka ili kupata fedha za televisheni. Mmoja wao, Big Ten, jina lake lina maana ya Kumi Wakubwa, lakini tangu 2024 una vyuo 18.

Chuo cha Nebraska kilikuwa bingwa wa taifa mara tano: 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Mwaka 2011 kiliingia Big Ten, na tangu hapo hakijachukua hata ubingwa wa muungano huo. Watu wengi wanalaumu kuhama. Lakini ubingwa wake wa mwisho katika muungano wa zamani ulikuwa wa 1999, miaka kumi na miwili kabla ya kuhama. Na chuo cha Oregon, kilichoingia Big Ten mwaka 2024, kilichukua ubingwa mwaka huohuo. Mlango ni uleule: mmoja aliingia akashindwa, mwingine aliingia akashinda.

Kwa hiyo kupanuka kwa mashindano hakumwangushi mwenye nguvu. Kunaonyesha wazi kilichokuwa kimekwisha kupungua ndani yake.

Ni nini kilichopungua?

Kwa Mazembe, naona mambo mawili. La kwanza ni kutegemea mfuko wa mtu mmoja. Sisemi hili kwa ajili ya siasa. Kila mtu wa haki atakiri kwamba bila Katumbi vikombe vile visingekuja. Lakini aliondoka nchini Mei 2016 na kurudi Mei 2019. Vikombe vya 2016 na 2017 vilikuwa mavuno ya shamba lililolimwa kabla. Baada ya hapo ghala likaanza kuonyesha sakafu. Klabu inayosimama juu ya mguu mmoja, hata kama mguu huo ni wa chuma, haiwezi kupiga hatua.

La pili ni kukawia kwa warithi. Kizazi cha Mputu na Kidiaba kilizeeka pamoja. Klabu ilianzisha chuo cha watoto mwaka 2012, na hilo ni jema, lakini mtoto wa miaka kumi na miwili anahitaji miaka kumi ili akomae, na akikomaa anahitaji sababu ya kubaki.

Tazama pia jambo la kutia moyo. Novemba 2024, huko Moroko, wanawake wa TP Mazembe waliifunga AS FAR 1-0 katika fainali na kuwa mabingwa wa Afrika. Ligi ya Mabingwa ya wanawake ilianza mwaka 2021 tu. Klabu ileile ambayo wanaume wake wanaugua ilipanda mbegu katika shamba jipya, na ikavuna.

Sanduku halikuwapa ushindi

Tunaijua habari ya 1 Samweli sura ya 4. Israeli waliposhindwa na Wafilisti, hawakujiuliza wamekosea wapi. Walituma watu Shilo walete sanduku la agano, kana kwamba ushindi wa baba zao ulikuwa umefungiwa ndani yake. Walipiga kelele hadi nchi ikatikisika. Kisha walianguka askari elfu thelathini, na sanduku likachukuliwa. Nyumbani kwa Eli, kuhani alikuwa mzee, macho yamefifia, na wanawe hawakuwa watu wa kurithi kazi ile. Kushindwa kulianza Shilo kabla ya kufika uwanja wa vita.

Jina la zamani haliingii uwanjani kucheza. Hilo ni kweli kwa klabu inayoitwa Tout Puissant, jina ambalo sisi tunamwachia Mungu peke yake. Ni kweli pia kwa parwasi inayojivunia kwamba ndiyo mama wa makanisa yote ya mlima huu.

Kwetu Bihambwe meza imepanuka kwa njia ya huzuni. Vita na machimbo vimeleta watu kutoka pande nyingi, na pamoja nao waimbaji wapya, wahubiri wapya, vikundi vya maombi ambavyo wazee wetu hawakuvijua. Kanisa la zamani linaweza kuogopa na kuhesabu viti vilivyo wazi. Au linaweza kujiuliza: je, tuna mfadhili mmoja tu ambaye akihama paa halitamalizika? Je, mwalimu wa Shule ya Jumapili ana miaka sitini, na nyuma yake hakuna mtu?

Vijana wetu nao wako hatarini. Mwenye miaka kumi na sita anayeshinda katika mashimo ya koltani anaona njia tatu tu: shimo, bunduki, au bahati ya kubeti mechi. Ekipe ya vijana ya kanisa, yenye kocha mvumilivu na ratiba inayofuatwa, ni njia ya nne. Haitatoa Samatta kila mwaka. Lakini itampa kijana mtu anayejua jina lake, na atakayemtafuta asipofika mazoezini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika parwasi yetu, ni kazi gani ingesimama kama mtu mmoja angeondoka kesho? Tumtafutie nani wa kumsaidia tangu sasa?

2. Waliohamia kwetu kwa sababu ya vita, tumewapa kazi kanisani, au tumewapa viti vya nyuma tu?

3. Ni mtoto gani wa miaka kumi na miwili tunayemfundisha leo kwa ajili ya kanisa la miaka kumi ijayo? Kila mmoja ataje jina.

Mungu awalinde katika nyumba zenu na njiani.

Mchungaji wenu, Bihambwe