Hedifoni za Matatu: Jaribu Kwanza, Kisha Ulipe
Ukipanda matatu Chepilat kwenda Kisii ama Sotik, injini inanguruma na redio iko juu. Hedifoni zisizoziba sikio zitakufanya uongeze sauti tu, na masikio yaumie polepole. Chagua ndogo za kuingia sikioni, zenye raba laini za saizi tofauti. Raba ikikaa sawa, kelele inapungua na sauti ya chini inatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Zijaribu dukani kabla ya kulipa. Lipa kwa till, hakikisha jina ni la duka hilo, kisha uhifadhi SMS: ndiyo ushahidi wako zikiharibika mapema.

Ukishuka na kupanda boda, zivue. Lori lazima ulisikie.